Kikanyagio cha Kulia

Nakivale, Uganda, 16 Machi 2025

Papa Édouard,

Kompyuta imefika nzima. Mama Dancille aliivusha mpaka wa Petite Barrière chini ya magunia matupu kwenye velo yake, ile baiskeli ya magurudumu matatu tuliyomtengenezea, akamkabidhi dereva wa basi Gisenyi, upande wa Rwanda, na dereva akaishusha Mbarara pamoja na barua yako, fupi kuliko zote nilizowahi kupokea. Nilipofunua, ile karatasi uliyoibandika kwenye kifuniko bado ipo: NISHIMWE, USILE HAPA JUU. Nikalia, halafu nikacheka, maana chini ya vibonyezo bado mna makombo ya mikate ya Majengo.

Sijui nikushukuruje. Siku tuliyokimbia vita Goma nilibeba godoro la mama na sufuria, kompyuta nikaiacha mezani pale ateliye, karakanani kwetu Katindo. Kesho yake nikakupigia simu nikilia kama mtoto kwamba nimeacha kazi yangu yote nyuma. Sasa unaandika, "Nilipita Katindo nikaichukua," kana kwamba ulipita kununua chumvi. Papa, Katindo wakati ule! Lakini najua ukishaamua jambo huambiliki, kwa hiyo nasema asante, na nasema tena asante.

Kwa mashini hii nimeshapata kazi. Mafundi wa Mbarara wanataka michoro ya milango na madawati. Nikichora, mimi na mama tunakula. Mama anakuombea kila jioni, na anakutaja wewe, ambaye si ndugu yetu wa damu, kabla hajanitaja mimi.

Naandika kwa karatasi kama ulivyoagiza, simu tuziachie salamu tu. Niambie, velo bado mnatengeneza? Watu ambao miguu yao haiwabebi hawajapungua huko, nadhani wameongezeka. Mchoro wetu wote umo humu ndani, haukupotea hata mstari. Ukinihitaji, niko.

Mwanao,
Nishimwe

*

Goma, 4 Aprili 2025

Mwanangu Nishimwe,

Shukrani zako zimefika. Zimezidi. Mke wangu Masika amechukua nusu yake. Anasema katika nyumba hii anayestahili kushukuriwa ni yeye, mimi nalishwa tu.

Ateliye ipo, yaani kuta zipo. Zile karatasi kubwa ulizochapa kwa kipimo kamili, tukawa tunalaza mabomba juu yake na kuweka alama, mtu aliwashia nazo moto. Mashine ya kuchomelea ilinusurika kwa kuwa ilikuwa nyumbani kwa mwenzangu Benny. Benny ndiye anayechomelea sasa, mimi nakaa pembeni na kumkosoa. Ni kazi nzuri, nilipaswa kuianza zamani.

Sasa sikiliza lawama. Unakumbuka ulivyonikalisha kwenye kreti ya bia ukanipima mikono na miguu kama fundi wa suti, ukisema mchoro hauwezi kuanza bila mwili wa mtu? Velo ya kwanza ikatoka safi. Ikaja zamu ya Dancille, mtu mfupi. Ukaifupisha velo kwenye mashini, na vitu vidogo vyote vikakataa kufuata. Bomba likafupika, matundu yakabaki pale pale, moja likawa hewani kabisa. Mimi na Benny tulitoboa upya kwa macho, ndiyo maana kiti cha Dancille kinapiga kelele hadi leo. Nataka mchoro ambao mwili ukibadilika, kila kitu kidogo kinafuata kwa kadiri yake. Ila si buloni, hizo boliti za kukazia, wala si magurudumu. Hivyo pale sokoni Birere wanauza vya aina moja kwa watu wote.

Haraka yenyewe ni hii. Nina mteja, mwanaume wa kule Kirotshe. Alikatwa mguu wa kulia juu ya goti baada ya mabomu ya Januari, na sasa yuko hapa mtaani kwetu Majengo. Magongo anayo, lakini wewe unaijua njia yetu, mawe ya volkano yamesimama kama meno. Alijaribu mara moja, akaanguka mbele ya watu, na tangu siku hiyo hajavuka mlango. Anasema akitoka tena atatoka kwa magurudumu au hatatoka. Alikuwa mtu wa kazi huyu. Akikaa ndani hivi mpaka mwaka uishe, sidhani kama kitabaki kitu cha kutoa nje. Nisaidie.

Usicheke mwandiko. Naandikia kitandani, mgongo unanisumbua.

Papa yako,
Édouard

*

Nakivale, 27 Aprili 2025

Papa Édouard,

Lawama nimezikubali, na dawa nimeipata. Zamani nilikuwa naliambia kila tundu likae sentimita fulani kutoka mwisho wa bomba. Bomba likifupishwa, tundu linang'ang'ania sentimita zake kama mpangaji aliyekataa kuhama. Sasa nimeliambia likae kwenye theluthi ya bomba, popote theluthi itakapoangukia. Kiti kinafuata nyonga za mtu. Pedali ya kuzungusha kwa mkono inafuata urefu wa mkono wake. Vikanyagio vinafuata miguu, cha kulia mguu wa kulia, cha kushoto mguu wa kushoto, kila kimoja kivyake, kwa sababu ya mteja wako. Buloni na magurudumu nimevifunga. Aje mtu mkubwa wa ajabu au aje mtoto, havisogei.

Nilijaribu kwa vipimo vya Mama Dancille. Velo nzima ilijikunja taratibu kwenye kioo, na kila tundu likabaki ndani ya bomba lake. Nilifurahi mpaka nikamwita mama aje aone. Akatazama sana, akaniuliza, "Sasa hii tutaikulaje?" Lakini baadaye nilimsikia anamsimulia jirani.

Haya yote nimeyafanya kwa mashini uliyoniletea, na asante yake bado haijaisha, utavumilia tu. Nitumie vipimo vya huyo mtu wa Kirotshe. Nimemfikiria sana. Hata hapa kambini wapo wa namna yake, wanakaa nyuma ya pazia na watu wanazoea kutowaona. Mwambie mchoro utakuwa tayari kabla hajabadili mawazo.

Jambo moja. Dereva wa basi ananiambia Mama Dancille analalamika kwamba huendi tena barrière kumtania. Ni huo mgongo? Nenda hospitali, muzee. Usiwe kama wateja wako.

Mwanao,
Nishimwe

*

Goma, 15 Mei 2025

Mwanangu Nishimwe,

Nimesoma habari ya theluthi nikamsomea na Benny. Benny alianza kupima mabomba hapo hapo, na wewe unajua Benny hapimi kitu asichokiamini.

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii. Masika alishika mita, mteja alikaa wima, hakuna kilichokadiriwa. Ukikuta mikono mirefu kupita kawaida usishangae, ndivyo alivyoumbwa. Hana maswali mengi. Aliuliza tu kama mbele patabaki nafasi ya kubebea zana. Nikamwambia Nishimwe atajua.

Anazidi kuwa mgumu. Asubuhi nyingine anasema velo aletewe leo leo, jioni anasema apewe mtu mwingine. Usichelewe.

Mgongo unaendelea. Dancille aambiwe nina kazi nyingi, nitamtania nikipata nafasi.

Na uache kunishukuru kuhusu mashini. Kila barua unaileta tena. Niliichukua kwa sababu ilikuwa yako. Basi.

Papa yako,
Édouard

*

Nakivale, 2 Juni 2025

Papa Édouard,

Jana niliurudisha mchoro kwenye umbo lake la mwanzo, nikaketi kuingiza vipimo vya mtu wa Kirotshe. Nikaandika urefu wa mkono, nikabonyeza. Hakuna kilichosogea. Nikaandika mgongo. Hakuna. Nyonga, mguu wa kushoto, hakuna. Nikasema basi, nimeuharibu mchoro. Nikarudisha vipimo vya Mama Dancille, na velo ikajikunja vizuri kama siku ile. Nikaandika tena vya mteja wako, velo ikarudi kwenye umbo lake la kwanza kabisa na kusimama hapo.

Halafu nikaandika mguu wa kulia. Kitu kimoja tu kikaondoka. Kikanyagio cha kulia kilipanda, kikapanda, kikaja kusimama chini ya kiti.

Papa, mchoro huu ulianzia kwenye kreti ya bia. Ulianza na mwili wako. Namba zako sikuzifuta kamwe, zilikuwa humu ndani miaka yote, kila velo tuliyotengeneza ilianzia kwako ndipo ikawa ya mtu mwingine. Na mtu wa Kirotshe amekuja nazo zote, hata ile mikono ambayo Mama Masika husema inafika jikoni kabla yako.

Hakuna mtu wa Kirotshe. Asiyetoka nje ni wewe.

Ilitokea wapi? Kwa nini hukuniambia? Mimi huku nakutania kuhusu mgongo, na wewe unaniandikia ukiwa umelala na mguu mmoja. Mama ananiuliza kwa nini sili, nimemdanganya kwamba jino linauma.

Niambie, Papa. Kama huwezi wewe, mtu mwingine aniambie.

Nishimwe

*

Goma, 19 Juni 2025

Nishimwe mwanangu,

Ni mimi Masika. Barua yako aliisoma, akaisoma tena, akageukia ukuta. Nikamwambia, "Umujibu mutoto." Akavuta blanketi hadi kichwani. Basi najibu mimi. Akikasirika atafanya nini? Kunikimbiza hawezi.

Ilikuwa Jumatatu ile vita vilipoingia mjini. Ulipiga simu ukilia kuhusu mashini. Alipoiweka simu chini akavaa viatu. Nikamuuliza, "Uko unaenda wapi na masasi iko inalia hivi?" Akasema, "Niko naenda kuchukua kazi ya mutoto." Alifika ateliye, akaichukua. Alipokuwa anarudi bomu likaanguka nyuma ya ukuta wa jirani. Benny alimkuta ameilalia mashini kifudifudi. Hata hospitali, walipotaka kumkata suruali waone mguu, aliwaambia kwanza mmoja ashike hii. Ndiyo maana ilikufikia bila mkwaruzo.

Alinikataza nisikuambie. Alisema ukijua utaiuza, na usipoiuza utakuwa unaomba msamaha kila ukiifungua, na mutoto anayeomba msamaha hachori kitu. Nami nakuambia kama mama yako, usimwombe msamaha. Ule mutu anaweza kubeba asante, ingawa anajifanya imezidi. Samahani hawezi kuibeba. Itamlaza moja kwa moja.

Na sasa kuna tatizo jipya. Velo anasema haitaki tena. Ilipokuwa ya mtu wa Kirotshe aliitaka, aliihesabia siku. Tangu ujue kwamba ni yake, anasema fundi hawezi kupita Majengo amekaa juu ya kazi yake mwenyewe, watu watacheka kwamba alikuwa anajitengenezea. Magongo ameyaficha nyuma ya kabati. Nywele zake ninazikata mimi, humo humo chumbani.

Tuma mchoro, mwanangu. Usimuulize kama anautaka.

Mama yako,
Masika

*

Nakivale, 1 Julai 2025

Papa Édouard,

Mama Masika ameniambia. Usimgombeze, ni mimi niliyemwomba.

Kuna neno nilitaka kukuandikia na yeye amenikataza. Niliandika kurasa zake, nikazichana. Kwa hiyo soma lililobaki, ulisome polepole, na safari hii usiseme limezidi.

Asante. Ile niliyokutumia mwezi wa tatu ilikuwa asante ya mtu aliyeletewa mzigo. Hii ni nyingine. Shule ya jirani na kambi ina milango niliyoichora kwa mashini hii. Mama anameza dawa zake za presha bila kuzigawa nusu. Nimempata msichana wa Rutshuru, anaitwa Fabiola, namfundisha kuchora. Tayari anajua kuzifunga buloni zisisogee, na nimemkataza kula juu ya vibonyezo. Naishi, Papa. Naishi vizuri, kwa sababu ulivaa viatu ukatoka. Nilikuwa sijui nalishwa na nini, sasa najua, na chakula hakijawa kichungu kama ulivyoogopa. Nakula, nakushukuru. Mashini siuzi.

Mchoro umo ndani ya bomba la plastiki analokuletea Mama Dancille, umechapwa kwa kipimo kamili, Benny alaze tu vyuma juu yake. Mbele nimeacha nafasi ya zana, kama mteja alivyoomba. Kikanyagio cha kulia hutakiona, lakini sikukifuta. Pale kilipopandia, chini ya kiti, nimekigeuza kisanduku cha chuma chenye kufuli. Upana wake ni upana wa kompyuta hii. Nimekifunga kama buloni. Aje mtu mfupi, aje mrefu, velo itajikunja na kujikunjua, kisanduku hakitasogea wala kupungua. Kila velo nitakayochora kuanzia leo itakuwa nacho.

Kama hutaki kuikalia, sawa, watu wengine watakuwa nacho na wewe utakikosa. Lakini kilitoka kwako.

Mwanao,
Nishimwe

*

Gisenyi, 9 Agosti 2025

Mwanangu Nishimwe,

Nilikataa. Ujue hilo kwanza. Benny akaja kuichomelea mbele ya mlango wangu makusudi, moshi wote ukaingia ndani, na Masika akawa anaita majirani waje watazame. Mchoro wako ulilala juu ya mawe, mabomba juu ya mchoro, na mimi dirishani natafuta kosa. Nilitafuta sana. Hakuna tundu lililotobolewa upya. Hilo ndilo lililonitoa nje, maana sikuamini, nikataka nikashike kwa mkono wangu. Nikaomba magongo. Nilipofika nikashika, niliposhika nikakaa, na nilipokaa Masika akasukuma.

Watu walisimama njia nzima. Nilikuwa nangoja waseme lile nililokuwa naliogopa. Mama muuza makaa pale kona akaweka mikono kiunoni. "Eh, Papa Édouard, kumbe uko! Velo ya mutoto wangu utaitengeneza lini?" Mwingine akadai geti lake. Mwingine akasema nilichukua vipimo vya kitanda chake tangu Noeli nikapotea navyo. Walinidai mpaka barabara kubwa. Nafasi ya kuona aibu sikuipata.

Nina malalamiko. Pedali ya mkono ni ngumu mno kwenye kilima, mtu anatoka jasho mpaka masikioni. Nimetengeneza velo hizi miaka yote hii na hakuna aliyeniambia. Nikamuuliza Dancille. Akasema, "Nilikuambiaka kila mara, ukawa unacheka tu." Ni kweli, nilikuwa nacheka. Kwa hiyo fungua mchoro, mkono wa pedali urefuke kidogo kwa watu wote, kila mmoja kwa kadiri yake. Nikisharudi tunaanza na ya Dancille, na kiti chake kinachopiga kelele. Hii ni kazi, si ombi. Mshirikishe na huyo Fabiola.

Sasa ile asante. Niliisoma polepole kama ulivyoagiza. Haikuzidi.

Nami nina yangu. Miezi ile kitandani sikuweza kutamka "mguu wangu" mbele ya mtu, hata mbele ya Masika. Nikaweza tu kukuandikia habari za mtu wa Kirotshe. Wewe ukamhangaikia. Hukuuliza ni nani, ukabadili mchoro mzima ili kila mguu wake uhesabiwe kivyake, ukasema umemfikiria. Nilikuwa nairudia barua ile Masika akiwa sokoni. Mtu wa Kirotshe anakushukuru, mwanangu. Anakushukuru sana, na mimi pamoja naye.

Tumevuka asubuhi na Dancille, yeye mbele, mimi nyuma nikitukanwa kwamba nachelewesha watu. Zana nimeziweka mbele. Kwenye kisanduku nimeweka barua hii peke yake, imevuka mpaka ikiwa imelala pale mguu wangu ungekuwa. Nimeitoa sasa niongeze maneno haya kando ya basi. Dereva ndiye yule aliyekupelekea mashini, hatukuwahi kuonana. Amenyoosha mkono. Nampa barua mwenyewe.

Papa yako,
Édouard